Ukingo Uko Wapi? Niliyojifunza kwa Hadubini ya Kupimia katika Karakana ya Dodoma

Katika mashamba ya zabibu ya Hombolo na Mpunguzi, dawa ya ukungu hunyunyizwa kupitia kijisahani cha brasi chenye tundu dogo katikati. Tundu lenye kipenyo cha milimita 1.2 likiliwa na dawa ya unga hadi kufikia milimita 1.3, jicho tupu halitambui tofauti yoyote, lakini eneo la tundu huwa limeongezeka kwa asilimia 17, na dawa inayopita kwa mgandamizo uleule huongezeka kwa uwiano huohuo. Ushauri wa kawaida kwa watumiaji wa vinyunyizi ni kwamba ncha ibadilishwe mtiririko wake unapozidi ule wa ncha mpya kwa asilimia 10, na kwa tundu la ukubwa huo asilimia 10 ni tofauti ya takribani milimita 0.06 ya kipenyo. Vijisahani hivyo ndivyo vilivyonifikisha kwenye hadubini ya kupimia, kwa kuwa hakuna kifaa kingine katika karakana yetu, upande wa Kizota, ambacho kingeweza kusema ukweli juu ya tundu kama hilo. Midomo ya venia, kipimo cha mkono kinachobana kifaa kati ya midomo miwili, haiingii. Pini za kupimia huingia, lakini pini huonyesha sehemu nyembamba tu ya tundu. Tundu lililoliwa upande mmoja likawa na umbo la yai linaweza kuipokea pini ya 1.2 na kuikataa ya 1.25, na fundi akaandika kwa nia njema kabisa kwamba kijisahani ni kizima.

Karakana yetu hutengeneza spea za mashine za kukamua alizeti, za pampu za maji na za vinyunyizi, na kazi yangu ni upimaji na ukaguzi. Ninayoyaandika hapa ni mambo ambayo kitabu cha maelekezo ya mashine huyataja kwa mstari mmoja na kuendelea, ilhali kwa mtu anayekaa mbele ya lenzi siku nzima hayo ndiyo kazi yenyewe. Nayaandika kwa ajili ya vijana wanaotoka vyuo vya ufundi, ambao hukutana na mashine hii kwa mara ya kwanza wakiwa tayari kazini.

Kwa asiyeifahamu, hadubini ya kupimia ina meza inayosogea pande mbili, mbele na nyuma, kushoto na kulia, na kila upande una kipimo cha kioo kinachopeleka namba kwenye kisomeo cha dijiti. Kifaa kinachopimwa huwekwa juu ya meza. Ndani ya lenzi ya jicho kuna mistari miwili ya msalaba ambayo haisogei. Mpimaji husogeza meza mpaka ukingo mmoja wa kifaa uguse mstari, huweka kisomeo kwenye sifuri, kisha husogeza tena mpaka ukingo wa pili ufike pale pale, na kusoma umbali ambao meza imesafiri, hadi sehemu moja ya elfu ya milimita, yaani mikroni moja, au pungufu ya hapo. Hadubini ya maabara ya hospitali hukuza ili mtu aone kilichopo. Hii yetu hukuza ili mtu alenge kwa usahihi. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Wanaoanza hukimbilia lenzi ya mara 10 upande wa kifaa kwa imani kwamba ukuzaji mkubwa ndio usahihi mkubwa, lakini lenzi hiyo huonyesha eneo dogo sana, na kina ambacho ndani yake picha hubaki safi huwa chembamba mno, kiasi kwamba kifaa kilichoinama kidogo tu huonekana safi upande mmoja na ukungu upande mwingine. Kazi zangu nyingi nazifanya kwa lenzi ya mara 3, ambayo pamoja na lenzi ya jicho ya mara 10 hukuza mara 30 kwa jumla na huonyesha eneo la milimita 8 hivi kwa wakati mmoja. Urefu unaopimwa hautegemei eneo hilo, kwa sababu anayepima urefu ni meza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelifikiria kuliko mengine yote. Mikromita, kipimo cha kubana kwa skrubu, inapopima shafti, ukingo wa shafti ni mahali ambapo chuma kimegusana na chuma. Hadubini haigusi chochote. Ukingo wake ni mahali ambapo mwanga unaishia na kivuli kinaanzia, na mwanga hauna tabia ya kuishia kwenye mstari mkali. Mjerumani Ernst Abbe, aliyefanya kazi na Carl Zeiss mjini Jena, alionyesha mwaka 1873 kwamba lenzi yoyote ina kikomo cha mambo madogo inayoweza kuyatenganisha, na kwamba kikomo hicho hutokana na urefu wa wimbi la mwanga na upana wa koni ya mwanga ambayo lenzi inaikusanya. Upana huo huandikwa ubavuni mwa lenzi kwa namba. Lenzi ya mara 3 yenye namba 0.09, ikitumiwa na mwanga wa kijani wa takribani nanomita 550, haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko mikroni 3 hivi, hata kama kisomeo kinaonyesha mikroni moja au nusu yake. Hii haina maana kwamba mikroni za kwenye kisomeo ni za uongo. Maana yake ni kwamba ukingo tunaouona ni utepe mwembamba wa kijivu, na usahihi wa kipimo hutegemea mpimaji kuuweka mstari mahali palepale ndani ya utepe huo kila anapopima.

Kinachousogeza utepe huo ni mwanga kwanza. Mwanga wa chini, ule unaopenya kutoka chini ya meza na kukifanya kifaa kionekane kama kivuli cheusi, ukiongezwa kupita kiasi humeza sehemu ya kivuli: tundu huonekana kubwa kuliko lilivyo na shafti huonekana nyembamba kuliko ilivyo. Ukipunguzwa sana, kinyume chake hutokea. Kwa hiyo taa yetu ina alama ya rangi kwenye kitufe chake, na kiwango cha mwanga huandikwa kwenye karatasi ya kipimo kama vile jina la mpimaji linavyoandikwa. Chujio la kijani nalo husaidia, kwa kuwa rangi mbalimbali za mwanga mweupe hazifokasi mahali pamoja kikamilifu, na kwa kuwa jicho la binadamu hulitambua kijani kwa wepesi zaidi kuliko rangi nyingine.

Kuna utaratibu mmoja wa akili ambao ningependa kila mpimaji aujue mapema. Kosa la ukingo hujumlishwa katika vipimo fulani na hujifuta katika vingine. Anayepima kipenyo cha tundu huanzia ukingo wa kushoto na kuishia ukingo wa kulia. Kama mwanga umeusukuma kila ukingo nje kwa mikroni 2, kipenyo kitazidi kwa mikroni 4. Anayepima umbali kati ya tundu na tundu, akichukua ukingo wa kushoto wa tundu la kwanza na ukingo wa kushoto wa tundu la pili lenye ukubwa uleule, anapata umbali ambao kosa hilo halimo, kwa sababu kingo zote mbili zimesukumwa upande mmoja. Ndiyo maana hadubini ileile, na mpimaji yuleyule, wanaweza kuaminika zaidi kwenye hatua za meno ya skrubu, yaani umbali kati ya jino na jino, kuliko kwenye kipenyo cha skrubu hiyo. Mteja anaponiuliza mashine yetu ina usahihi kiasi gani, hujikuta nikimuuliza kwanza anataka kupimiwa nini.

Shafti na vitu vyote vya mviringo vina shida yao. Chini ya meza kuna kilango cha mwanga kinachofunguka na kufunga. Kikiwa wazi mno, miale isiyokwenda sambamba huupiga ubavu wa shafti uliong'arishwa, hurudishwa na ubavu huo kama kioo, kisha huingia kwenye lenzi ikiwa imelamba sehemu ya kivuli. Shafti huonekana nyembamba. Kikifungwa mno, mwanga hujipinda kwenye ukingo na mistari hafifu hujitokeza kandokando ya kivuli, hata mpimaji hajui ashike upi. Ufunguzi unaofaa hutegemea kipenyo cha shafti, na watengenezaji wa mashine hutoa jedwali lake, lakini njia ninayoiamini ni kuweka mezani pini ya chuma yenye kipenyo kinachokaribiana na cha shafti, pini ambayo kipimo chake kimeandikwa kwenye cheti, na kurekebisha kilango hadi hadubini isome namba ya kwenye cheti. Baada ya hapo kilango hakiguswi mpaka kazi ile iishe. Kwa kipande cha bapa chenye kingo kali, kama vile kijisahani cha brasi, shida hii haipo kabisa, na hapo ndipo hadubini hufanya kazi yake kwa raha.

Usafi wa ukingo ni jambo ambalo Dodoma hulifanya kuwa gumu. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua hakuna, upepo ni mkali, na vumbi jekundu huingia kupitia nafasi ambazo mtu hadhani kuwa zipo. Chembe ya vumbi yenye upana wa mikroni 20 ikilala kwenye ukingo wa tundu huonekana kama kilima. Vibaya kuliko vumbi ni vijinyama vya chuma ambavyo keekee au kisu cha kukerezea huviacha ukingoni, kwa kuwa vumbi hupulizwa likaondoka lakini vijinyama hukaa na kujifanya sehemu ya kifaa. Kipande hakiletwi mezani kwangu kabla ya kuondolewa vijinyama hivyo, kuoshwa kwa spiriti na kufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kioo cha meza hufunikwa kila kazi inapokoma, hata kama ni kwa muda wa kunywa chai. Wapo waliodhani kwamba naringa na mashine. Sasa wao wenyewe ndio hunikumbusha kuifunika.

Joto linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu kila mtu hujua kwamba chuma hutanuka lakini wachache hukaa chini wakapiga hesabu. Tangu mwaka 1931 dunia imekubaliana kwamba vipimo vya urefu vya viwandani vinahesabiwa kuwa ni vya nyuzi 20 za Selsiasi, na kanuni hiyo ndiyo inayobeba namba ISO 1 katika orodha ya shirika la kimataifa la viwango, ISO. Hapa Dodoma, mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 hutupa asubuhi za Julai ambazo joto hushuka hadi karibu nyuzi 14, na michana ya Novemba ambayo joto hufika nyuzi 30 na kuzidi. Shafti ya chuma yenye urefu wa milimita 60 ikiwa na nyuzi 29 huwa imerefuka kwa mikroni 6 kuliko ilivyo katika nyuzi 20. Lakini kipimo cha kioo kilichomo ndani ya meza nacho kiko katika nyuzi 29, nacho kimetanuka, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa hiyo kosa linalobaki kwenye kisomeo ni tofauti kati ya kutanuka kwa chuma na kutanuka kwa kioo, ambayo kwa shafti hiyo ni mikroni 2 hivi. Kwa kipande cha alumini chenye urefu uleule tofauti hiyo hufika mikroni 8, kwa brasi karibu 6, na kwa plastiki ya nailoni hupita 35. Hesabu hizi zinaonyesha kwamba si lazima karakana ndogo ijenge chumba cha nyuzi 20 ndipo ipime chuma kwa usahihi unaofaa. Kilicho lazima ni kifaa na hadubini viwe katika joto moja, na joto hilo lijulikane.

Hapo kwenye kuwa na joto moja ndipo penye mvutano wa kila siku. Mzee mmoja mkerezaji, ambaye mikono yake inajua chuma kuliko vitabu vyangu, alinijia alasiri moja na bushi iliyotoka kwenye mashine muda si mrefu.

“Mwanangu, nipimie hii, mteja yuko nje anasubiri.”

“Shikamoo mzee. Niiache mezani kwanza ipoe.”

“Marahaba. Imeshapoa hiyo. Nimeishika kwa mkono, haina moto.”

“Mzee wangu, mkono wenyewe una joto la nyuzi 33 hivi. Chuma kikiwa sawa na mkono, mkono hauoni moto wala baridi. Humu chumbani ni nyuzi 24.”

Alikaa akalitafakari, kisha akaenda kumwambia mteja arudi baadaye. Tofauti ya nyuzi 9 kati ya kipande na mashine haifidiwi na kutanuka kwa kioo, maana kioo kiko kwenye joto la chumba. Kwa bushi ya chuma ya milimita 60 kosa zima la mikroni 6 huingia kwenye kipimo. Tangu siku hiyo, bamba nene la alumini limewekwa kando ya hadubini, na kila kipande kinacholetwa hulazwa juu yake, kwa kuwa alumini huyanyonya haraka majoto ya ziada na kukifikisha kipande kwenye joto la chumba mapema kuliko kikiachwa hewani. Taa ya zamani ya halojeni tuliibadilisha tukaweka ya LED kwa sababu hiyohiyo. Halojeni ilikuwa inaipasha meza moto kadiri siku ilivyosogea.

Kuhusu kulaza kifaa sawasawa, naweza kuwa mfupi. Kifaa cha milimita 50 kikiwa kimekengeuka kwa nyuzi moja ya pembe kutoka kwenye njia ya meza, kipimo hukosewa kwa karibu mikroni 8. Kikikengeuka kwa dakika 10 tu za pembe (dakika 60 ni nyuzi moja), kosa ni sehemu ya tano ya mikroni, yaani halistahili kuhangaikiwa. Kwa hiyo mtu anyooshe kifaa kwa makini kiasi hicho kisha aendelee na kazi. Ulegevu wa skrubu za kusogezea meza nao una dawa rahisi: ukingo ufikiwe kutoka upande uleule kila mara, na ukipitilizwa, meza irudishwe nyuma na kuanza upya. Lililo gumu zaidi ni lile ambalo Abbe huyohuyo alilieleza mwaka 1890, kwamba kipimo na kitu kinachopimwa vinapaswa kuwa kwenye mstari mmoja. Kwenye hadubini haviko hivyo. Kipimo cha kioo kiko chini ndani ya meza, na kifaa kiko juu yake, wakati mwingine kikiwa kimepandishwa kwenye kishikizo kirefu. Meza ikiyumba kwa sekunde 10 za pembe (sekunde 60 ni dakika moja) wakati wa kusafiri, na ukingo unaopimwa uko milimita 50 juu ya kipimo, kosa la mikroni 2.4 limeshaingia bila mtu kuliona. Vipande virefu kwa kimo navipima vikiwa vimelala karibu na kioo cha meza kadiri umbo lao linavyoruhusu, na navikataa vishikizo virefu hata pale vinaporahisisha ufungaji.

Skrubu za mashine za kukamua alizeti zilinifundisha matumizi mazuri kuliko yote ya hadubini hii. Skrubu ya M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10, yenye hatua ya milimita 1.5 huwa na meno ya pembe ya nyuzi 60, na meno hayo yamejizungusha kwa mteremko wa takribani nyuzi 3. Mtu akiitazama kutoka juu moja kwa moja, mwili wa jino huziba sehemu ya ubavu wake, na pembe anayoiona si pembe ya kweli. Ndiyo sababu nguzo ya hadubini ya karakana huweza kuinamishwa: huinamishwa nyuzi 3 upande mmoja ili kuona ubavu wa mbele ya skrubu, na nyuzi 3 upande wa pili kwa ajili ya ubavu wa nyuma. Kwa kuwa skrubu iliyofungwa kati ya vishikizo viwili karibu kila mara hukengeuka kidogo, hatua hupimwa kwenye ubavu wa kushoto wa meno, kisha ubavu wa kulia, na wastani wa vipimo hivyo viwili huliondoa kosa la kukengeuka. Nikipima umbali wa hatua kadhaa kwa pamoja na kuugawa, kosa la kulenga hugawanyika pia. Nati zilizokuwa zinakula meno baada ya msimu mmoja wa kukamua ziligundulika kwa njia hii kuwa hazina kosa. Skrubu ndizo zilizokuwa na pembe iliyoegemea upande mmoja, nyuzi 32 ubavu huu na 28 ubavu ule, jumla ikiwa ni 60 kamili. Geji ya kuchezesha kwenye meno ilikuwa inaipitisha. Kisu cha kukerezea kilikuwa kimefungwa kwa kuinama, na kilipofungwa upya kwa kutumia kiolezo, shida ile ikaisha.

Watu nao ni sehemu ya kifaa. Katika karakana yetu kila anayepima huombwa kupima tundu moja mara 10, akiondoa kipande mezani na kukirudisha kila mara, bila kuangalia namba alizokwisha kuandika. Hesabu ya mtawanyiko wa namba hizo humwonyesha mtu uthabiti wake mwenyewe, na ikilinganishwa na ya wenzake huonyesha kama kuna anayeuweka mstari ndani zaidi ya kivuli kuliko wengine. Tofauti kati ya watu wawili wenye macho mazima inaweza kuzidi tofauti kati ya lenzi mbili. Hadubini za kamera, ambazo programu yake hutafuta ukingo kwa kulinganisha viwango vya mwanga, huondoa tofauti hiyo ya watu, nami ningefurahi siku tukiweza kuinunua. Hata hivyo programu nayo hufuata mwanga iliopewa, na vumbi ikiliona ukingoni hulipima.

Mashine yenyewe huhakikiwa kwa kijipimo cha kioo chenye mistari iliyochongwa, ambacho huwekwa mezani kama kifaa cha kawaida na kupimwa katika sehemu mbalimbali za safari ya meza. Kijipimo hicho kinapaswa kuwa na cheti cha ugezi, yaani cha kulinganishwa na kipimo cha juu zaidi, kinachokiunganisha, hatua kwa hatua, na fasili ya mita, ambayo tangu mwaka 1983 ni umbali ambao mwanga husafiri katika ombwe kwa sekunde 1/299,792,458. Hapa nchini huduma za ugezi wa vifaa vya viwandani hutolewa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. Wengi hulichanganya na Wakala wa Vipimo, ambao husimamia vipimo vya biashara kama mizani ya sokoni na pampu za mafuta.

Nimalizie na shauri la sili, pete za mpira za kuzuia uvujaji, kwa sababu hapo mambo yote niliyoyaeleza yalikutana na fedha. Kampuni moja iliyokuwa ikinunua kwetu sili za pampu ilirudisha mzigo mzima ikidai kwamba ni nyembamba. Mchoro ulitaka unene wa milimita 3.53, na toleransi, yaani kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua, ya 0.10 kila upande. Kwa hiyo sili nzuri ni ya kati ya 3.43 na 3.63. Karatasi ya mkaguzi wao ilikuwa na namba za 3.38 hadi 3.41. Karatasi yangu ilikuwa na namba zinazozunguka 3.50. Dada mkaguzi alikuja mwenyewe na venia yake, akafunga midomo juu ya mpira mbele yangu, na namba zake zikatoka zilezile. Hakuwa amekosea kusoma. Midomo ya venia ilikuwa inaubana mpira, na mpira ulikuwa unakubali.

Nilikata kipande chembamba cha sili kwa wembe mpya uliolowanishwa kwa maji ya sabuni, nikakilaza kwenye kioo na kumwomba akae kwenye kiti changu. Kuitazama sili nzima kutoka juu kusingetosha, kwa kuwa fomu ya kumiminia huacha ukosi mwembamba wa mpira upande wa ndani na wa nje wa pete, na ukosi huo huonekana kwenye kivuli kama sehemu ya unene. Kwenye kipande kilichokatwa aliuona ukosi ulipo, akaweka mstari mbali nao, akazungusha meza na kupima pande kadhaa. Alipata 3.49, 3.51, 3.50. Akaniuliza swali ambalo ningemuuliza mimi kama ningekuwa upande wake: katika namba hizo, shaka, yaani kiasi ambacho kipimo kinaweza kuwa kimepotoka, ni kiasi gani? Kwa mpira, ambao ukingo wake si mkali kama wa brasi na ambao hutanuka kwa joto mara kadhaa zaidi ya chuma, nilikuwa nimekadiria shaka ya milimita 0.015.

Tukafuata kanuni ya ISO 14253-1, ambayo husema kwamba muuzaji anayetaka kuthibitisha kuwa bidhaa iko ndani ya mipaka anapaswa kuibana mipaka hiyo kwa kiasi cha shaka ya kipimo chake, na mnunuzi anayetaka kuikataa anapaswa kuonyesha kwamba imetoka nje ya mipaka kwa zaidi ya shaka ya kipimo chake yeye. Kwangu mimi eneo la kukubali likawa 3.445 hadi 3.615, na sili zote tulizozikata zikaangukia ndani yake. Kwake yeye, namba ya venia juu ya mpira haikuweza kutumika kukataa, kwa sababu hakuna aliyejua midomo ilibana kiasi gani. Alikubali, akaomba jambo moja lenye haki: kwamba agizo linalofuata liandikwe jinsi ya kupima, ili asije mwenzake mwingine na venia nyingine. Mchoro mpya sasa una maelezo chini ya jedwali la vipimo kwamba unene wa sili unapimwa bila kugusa, kwenye kipande kilichokatwa, kwa mwanga wa chini, mbali na ukosi wa fomu, katika joto la nyuzi 23, ambalo ni mojawapo ya majoto yanayokubaliwa na kanuni za majaribio ya mpira, na kwamba shaka ya kipimo iandikwe pembeni mwa kila namba na yeyote anayepima, awe wa kwetu au wa kwao.